Mafuta ya Mimea na Ugonjwa wa Sonona

Akina mama huniuliza kama mafuta ya mkaratusi au karafuu huponya sonona, yaani huzuni nzito inayodumu wiki mbili au zaidi, hata mgonjwa akakosa usingizi na hamu ya kula. Harufu nzuri huweza kutuliza moyo kidogo. Huko Ujerumani vidonge vya mafuta ya lavenda vimefanyiwa utafiti, hasa kwa wenye wasiwasi, vikaleta nafuu; lakini hayo siyo ya chupa za mnadani. Mafuta ya mkaratusi, hata kijiko kimoja, huweza kumletea mtoto degedege. Nuseni tu, msinywe! (Chai ya mchaichai haina neno.) Aliyepewa dawa Mirembe asiziache. Na akisema afadhali afe, msimwache peke yake. Mleteni hospitali siku hiyo hiyo.