Kupima Nguvu za Miungano ya Vyuo katika Mpira wa Kimarekani

1. Utangulizi

Tarehe 3 Desemba 2023 kamati ya uteuzi yenye wajumbe 13 ilitangaza timu nne ambazo zingewania ubingwa wa mpira wa vyuo vikuu nchini Marekani: Michigan, Washington, Texas na Alabama. Timu ya Florida State, iliyokuwa imecheza michezo 13 na kushinda yote, haikutajwa. Alabama, iliyokuwa imeshindwa mara moja, ilitajwa. Tangu utaratibu wa timu nne uanze katika msimu wa 2014, haikuwa imetokea hata mara moja kwamba bingwa asiyeshindwa wa mmojawapo wa miungano mitano mikubwa aachwe nje.

Kamati ilieleza kwamba Florida State ilikuwa imempoteza kiongozi wa mashambulizi yake, Jordan Travis, aliyeumia mguu vibaya mwezi Novemba, na kwa hiyo haikuwa tena timu ile ile. Lakini katika mabishano yaliyofuata, hoja nyingine ilisikika sana: kwamba ushindi wa Alabama ulipatikana katika muungano wenye nguvu, na ule wa Florida State katika muungano dhaifu. Makala haya yanakusudia kuichambua hoja hiyo ya pili. Nguvu za muungano hupimwaje, na kipimo chake kinaweza kubeba uzito wa kiasi gani?

2. Maana ya muungano

Yafaa kwanza kutofautisha mchezo huu na kabumbu. Mpira wa Kimarekani una umbo la yai. Hushikwa na kurushwa kwa mikono, na kupigwa teke mara chache tu. Kila upande huwa na wachezaji 11 uwanjani, na kila timu hujitahidi kuusogeza mpira mbele, hatua kwa hatua, mpaka uvuke mstari wa mwisho wa wapinzani.

Vyuo vinavyoshiriki hujipanga katika makundi ambayo Wamarekani huyaita konferensi. Neno hilo limezoeleka katika Kiswahili kwa maana ya mkutano, ilhali hapa linataja chama cha vyuo vilivyokubaliana kuchezeana kila mwaka, kushindania taji lao wenyewe na kugawana mapato ya televisheni. Neno ligi nalo lingepotosha, kwa sababu msomaji angedhani kwamba kila timu hukutana na wenzake wote. Sivyo ilivyo. Kwa hiyo hapa litatumika neno muungano.

Muungano wa Big Ten ulianzishwa mwaka 1896. Southeastern Conference, ambao kwa kifupi huitwa SEC, mwaka 1932. Na Atlantic Coast Conference, yaani ACC, mwaka 1953. Big 12 ulianza kucheza mwaka 1996. Majina haya yamedumu kuliko yale yanayotajwa nayo. Mwaka 2024 vyuo vinne vya pwani ya Pasifiki, yaani USC, UCLA, Oregon na Washington, vilijiunga na Big Ten, ambao sasa una wanachama 18. Mwaka huo huo Texas na Oklahoma viliingia SEC na kuufanya uwe na wanachama 16, naye Stanford wa California akajiunga na ACC, ambao jina lake lataja pwani ya Atlantiki. Basi anayelinganisha SEC ya mwaka 2006 na SEC ya leo analinganisha makundi mawili tofauti yenye jina moja.

3. Hesabu isiyotoa ushahidi

Kosa la kawaida katika mjadala huu ni kutumia michezo ya ndani ya muungano kama ushahidi wa nguvu zake. Katika msimu wa 2023 SEC ilikuwa na timu 14, na kila moja ilicheza michezo minane na wenzake. Ukiacha mchezo wa fainali, jumla ni michezo 56. Kila mchezo hutoa mshindi mmoja na mshinde mmoja, hivyo muungano mzima ulipata ushindi 56 na kushindwa 56. Hesabu hiyo ingekuwa hivyo hivyo hata kama timu zote 14 zingekuwa bora kuliko timu nyingine zote duniani, au mbovu kuliko zote.

Kwa sababu hiyo matokeo ya ndani hukubali kila tafsiri. Timu zikifungana zamu kwa zamu, mashabiki husema muungano wao ni mgumu, kwa kuwa hata wa mwisho aweza kumwangusha wa kwanza. Timu moja ikizifunga zote, mashabiki wale wale husema bingwa wao ni jabali. Na mashabiki wa muungano mwingine, wakiyatazama matokeo hayo hayo, husema katika hali ya kwanza kwamba hakuna timu bora humo, na katika hali ya pili kwamba bingwa hakupata mpinzani. Hakuna upande unaoweza kukanushwa, maana ushahidi wenyewe haupo.

4. Michezo ya kuvuka mpaka

Ushahidi hupatikana pale tu timu za miungano tofauti zinapokutana. Kanuni hii haitakuwa ngeni kwa wafuatiliaji wa kabumbu ya Afrika. Shirikisho la mchezo huo barani, CAF, hupanga nchi kwa alama ambazo klabu zao zimepata katika mashindano ya bara kwa muda wa miaka mitano, na nchi 12 za juu huruhusiwa kupeleka klabu mbili katika kila shindano. Mafanikio ya TP Mazembe nje ya nchi huingia katika hesabu ya Kongo nzima. Ushindi wake dhidi ya klabu ya Kinshasa katika ligi ya nyumbani hauongezi kitu katika hesabu hiyo.

Tatizo la mpira wa vyuo ni uchache wa mikutano ya namna hiyo. Kwa kawaida timu hucheza michezo 12 kabla ya fainali za miungano. Minane au tisa huwa ya ndani. Katika ile inayobaki, mingi huchezwa na vyuo vidogo ambavyo hufungwa kwa urahisi. Inayokutanisha miungano mikubwa ni michache sana.

Msimu wa 2023 ni mfano mzuri. Kabla ya uteuzi, timu za ACC zilikutana na timu za SEC mara 10. ACC ilishinda mara sita: Florida State iliifunga LSU kwa alama 45 kwa 24, kisha Florida kwa 24 kwa 15; North Carolina na Clemson, kila moja kwa wakati wake, ziliifunga South Carolina; Miami iliifunga Texas A&M; na Wake Forest iliifunga Vanderbilt. SEC ilishinda mara nne: Tennessee dhidi ya Virginia, Ole Miss na Georgia dhidi ya Georgia Tech, na Kentucky dhidi ya Louisville. Kwa hesabu hiyo muungano ulioitwa dhaifu ndio uliotangulia.

Hata hivyo haifai kuharakisha uamuzi wa kinyume. Chukulia miungano miwili iliyo sawa kabisa, ambapo kila mchezo ni kama kurusha sarafu. Katika michezo 10, matokeo ya tano kwa tano hutokea takriban mara 25 tu katika 100. Mara 75 zinazobaki, upande mmoja utaonekana bora ingawa hakuna ubora wowote. Sita kwa nne, basi, hakuthibitishi kwamba ACC ilikuwa na nguvu zaidi. Kunachoonyesha ni kwamba dai la SEC kuizidi ACC kwa mbali halikuwa na tegemeo katika michezo hiyo. Tisa kwa moja au kumi kwa sufuri kungekuwa jambo jingine, kwani kwa miungano iliyo sawa matokeo kama hayo hutokea mara mbili hivi katika 100.

Kuna kasoro nyingine, nayo ni ya upangaji. Wake Forest na Vanderbilt zilikuwa miongoni mwa timu za chini, kila moja katika muungano wake, wakati Georgia Tech ilikutana na Georgia iliyokuwa kileleni. Alabama, bingwa wa SEC, haikucheza na timu yoyote ya ACC. Mpinzani wake mkubwa kutoka nje alikuwa Texas wa Big 12, ambaye aliifunga kwa 34 kwa 24 katika uwanja wake yenyewe.

Wengine hungoja michezo ya mwisho wa mwaka, iitwayo bowl, ili ikate shauri. Tarehe 30 Desemba 2023 Georgia iliifunga Florida State kwa 63 kwa 3, na wengi waliona kwamba kamati imethibitishwa. Lakini wachezaji wengi wa Florida State waliokuwa wameshinda michezo 13 hawakushuka uwanjani siku hiyo. Kilichopimwa kilikuwa kikosi kingine chenye jina lile lile.

5. Kilele au wastani

Hata ushahidi ukiwa wa kutosha, hubaki swali la kinachopimwa. Kuanzia msimu wa 2006 hadi 2012 timu za SEC zilitwaa ubingwa wa taifa mara saba mfululizo, kupitia Florida, LSU, Alabama na Auburn. Hiyo ni sifa ya kilele. Haielezi chochote juu ya timu ya kumi au ya kumi na mbili ya muungano huo, ilhali timu hizo ndizo zinazojaza ratiba ya mwenye kilele.

Tena sifa ya kilele huweza kujizalisha. Katika msimu wa 2011 LSU iliifunga Alabama kwa 9 kwa 6. Pamoja na hayo, timu hizo mbili za muungano mmoja ndizo zilizochaguliwa kucheza fainali ya taifa Januari 2012, na Alabama ikashinda kwa 21 kwa 0. Oklahoma State, bingwa wa Big 12 aliyeshindwa mara moja tu, aliachwa nje. Mara fainali ilipokuwa ya SEC pande zote mbili, taji la sita mfululizo lilikuwa limekwisha kupatikana kabla mpira haujachezwa, nalo likaongezwa kwenye ushahidi wa nguvu za SEC.

6. Orodha na kanuni za hesabu

Mzunguko wa namna hiyo umo pia katika orodha za ubora. Shirika la habari la Associated Press limekuwa likichapisha orodha yake tangu mwaka 1936, na siku hizi ya kwanza hutoka kabla ya mchezo wowote. Muungano ulioanza ukiwa na timu nyingi katika orodha hufaidika mwaka mzima: anayeshinda amemshinda mkubwa, na anayeshindwa ameshindwa na mkubwa.

Wanahisabati walijaribu kuuvunja mzunguko huo. Kati ya mwaka 1998 na 2013 kanuni za kompyuta, zikiwemo za Jeff Sagarin, Kenneth Massey na Wesley Colley, zilitumiwa pamoja na kura za watu. Wazo la jumla ni kuchukua nguvu ya kila timu kuwa namba isiyojulikana, kisha kutatua milinganyo yote kwa pamoja, ili ushindi dhidi ya mwenye nguvu uhesabiwe zaidi. Njia hii haina upendeleo wa jina. Lakini michezo ya kuvuka mpaka ndiyo madaraja yanayoiunganisha milinganyo ya muungano mmoja na ya mwingine. Madaraja yakiwa machache, kompyuta hutoa jibu lenye tarakimu nyingi, wakati uhakika wake ni mdogo.

7. Hitimisho

Jambo hili lina uzito kuliko ubishi wa mashabiki. Nafasi katika mchujo huleta fedha, na sifa ya muungano huvuta wachezaji na mikataba ya televisheni. Kabla mwezi ule wa Desemba 2023 haujaisha, Florida State iliishtaki ACC mahakamani ikitafuta njia ya kujitoa. Maafikiano yalifikiwa Machi 2025. Tangu msimu wa 2024 mchujo una timu 12. Mlango umepanuliwa, lakini nafasi nyingi bado hutolewa kwa hukumu ya kamati, na hoja ya nguvu za muungano imo ndani ya hukumu hiyo.

Kulinganisha miungano kunawezekana, ila kwa masharti: itajwe idadi ya michezo ya kuvuka mpaka, ielezwe ni nani aliyekutana na nani, na ibainishwe kama kinachosemwa ni kilele au wastani. Masharti hayo yakitimizwa, mara nyingi jibu huwa kwamba tofauti ni ndogo au haijulikani. Jibu la aina hiyo halitoshi kuifuta michezo 13 ambayo timu imecheza na kushinda.