Tarehe 31 Februari

Mkopo umetolewa tarehe 31 Januari 2025, na marejesho ni ya kila mwezi. Programu iliyoandikwa kwa PHP inaambiwa iongeze mwezi mmoja kwa `strtotime('+1 month')`, nayo inajibu 3 Machi. Imeongeza mwezi ikapata 31 Februari, ikakuta Februari inaishia 28, ikazisukuma mbele siku tatu zilizozidi. Mwezi mzima umepita bila siku ya kulipa, wala onyo halikutokea. Aliyetaka mwisho wa mwezi alipaswa kuuomba waziwazi: `last day of next month`.

Ubaya wa `strtotime` ni wepesi wake wa kukubali. Ipe 03-04-2025, itasoma 3 Aprili. Ipe 03/04/2025, itafuata desturi ya Marekani ya kutanguliza mwezi, na kusoma 4 Machi. Mkwaju peke yake umehamisha miadi ya mgonjwa kwa mwezi mzima. Kuanzia siku ya 13 programu inakataa, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13, na hapo angalau kosa linaonekana. Siku za mwanzo wa mwezi ndizo zinazoharibika kimyakimya. Kwa hiyo tarehe anayoiandika mtumiaji isomwe kwa `DateTimeImmutable::createFromFormat`, na muundo utajwe: siku, mwezi, mwaka. Hata hapo 31/02/2025 itageuzwa kuwa 3 Machi, ila safari hii onyo huachwa ndani ya `getLastErrors`. Ni wajibu wa mwandishi wa programu kulitazama.

Lakini swali kubwa zaidi hutangulia fanksheni yoyote: unahifadhi nukta ya wakati, au siku ya kalenda? Malipo kwa simu ni nukta. Yalitokea mara moja, na sekunde zinazohesabiwa tangu 1 Januari 1970 kwa saa za UTC zinatosha kuyaeleza. Tarehe ya kuzaliwa si nukta. Mtoto aliyezaliwa 5 Mei amezaliwa 5 Mei popote atakapoishi. Ukiihifadhi kama usiku wa manane wa Nairobi kisha ukaisoma kwa UTC, cheti kitasema 4 Mei. Mtu anaweza kukataliwa huduma kwa tofauti hiyo ya siku moja, na sioni sababu ya kuivumilia.

Nukta nazo zina mtego wake. PHP isipoelekezwa hutumia UTC, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Mauzo ya saa saba usiku wa kuamkia 1 Julai yataonekana ya 30 Juni, saa nne usiku, na kwa taasisi inayofuata mwaka wa fedha wa serikali ya Kenya au Tanzania, huo ni mwaka mwingine. Wengi hujibu kwa kujumlisha saa tatu kwa mkono, kwa kuwa Afrika Mashariki haibadilishi saa kwa misimu. Njia hiyo haifai. Mwaka 1938 Nairobi ilikuwa mbele ya saa za Greenwich kwa saa 2 na dakika 45, na Misri ilirudisha saa za kiangazi mwaka 2023 baada ya kuziacha. Jina la kanda, kama `Africa/Nairobi` au `Africa/Cairo`, hubeba historia hiyo, na kanzidata yake husasishwa serikali zinapoamua upya. Miadi ijayo ya Cairo ihifadhiwe kwa saa ya huko pamoja na jina la kanda.

Linabaki jambo ambalo PHP haikutupangia. Hakuna herufi katika `date()` inayotoa saa zetu; `H` hutoa 07 pale abiria anaposema saa moja asubuhi. Hesabu ni fupi: ongeza 6, gawanya kwa 12, chukua baki, na baki likiwa sifuri andika 12. Kazi zaidi iko kwenye usiku, maana kwa wazee wengi wa pwani siku mpya huanza magharibi, na usiku wa Ijumaa ni ule ambao kalenda ya kompyuta bado inauita Alhamisi. Tiketi ya basi iandike saa 12:00 asubuhi na 06:00 kwa pamoja. Ya safari ya usiku iongezewe maneno "kuamkia Ijumaa".