Jua Peke Yake Halitoshi: Mifupa ya Mgonjwa Anayesafishwa Damu

Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa mashine anapolalamikia maumivu ya kiuno au nyonga, mara nyingi hushauriwa aote jua la asubuhi. Ushauri huo una nusu ya ukweli. Ngozi ikipigwa na jua hutengeneza vitamini D ambayo bado haijakamilika; ini huibadilisha kwanza, kisha figo huikamilisha. Figo zikishindwa kufanya kazi, hatua hii ya mwisho hudhoofika sana, hata kwa mvuvi ashindaye juani.

Hapo utumbo hufyonza kalsiamu kidogo, huku fosfeti ikilimbikizana katika damu. Tezi nne ndogo za paratiroidi, zilizoko shingoni, huitikia kwa kumwaga homoni inayochota kalsiamu mifupani. Hali hii huweza kuendelea kimyakimya kwa muda mrefu kabla ya maumivu, kuwashwa mwili, misuli kulegea, au mfupa kuvunjika kwa kuanguka kidogo tu.

Vipindi vitatu vya mashine kwa wiki, vya saa nne kila kimoja, kwa kawaida haviondoi fosfeti yote itokanayo na chakula. Ndiyo sababu mgonjwa huandikiwa vidonge vya kalsiamu kaboneti. Vidonge hivi vimezwe pamoja na mlo, kwa kuwa kazi yake ni kuinasa fosfeti ya chakula tumboni; vikimezwa tumbo likiwa tupu, hukosa cha kunasa. Jambo hili dogo halielezwi vya kutosha dirishani pa dawa. Soda nyeusi na nyama za kusindikwa ziepukwe kwanza, lakini mgonjwa asinyimwe protini, kwani anaihitaji zaidi ya awali.

Alfakalsidoli hukamilishwa na ini bila kuhitaji figo. Kalsitrioli huja ikiwa imekamilika. Zote huongeza kalsiamu na fosfeti katika damu, na zikitumiwa bila vipimo madini hayo huweza kujikusanya katika kuta za mishipa na vali za moyo. Kalsiamu na fosfeti zipimwe kila mwezi mmoja hadi mitatu, na homoni ya paratiroidi kila miezi mitatu hadi sita. Pasipo na kipimo cha homoni, alkalini fosfatesi husaidia, mradi ugonjwa wa ini uzingatiwe.

Mgonjwa anayetumia dawa hizi akipata kichefuchefu, kufunga choo au kuchanganyikiwa, apimwe kalsiamu kabla ya kumeza dozi inayofuata.