Mshiko Sio Siri ya Bosi

Mwanza yetu, Rock City hii, kitaani kila mtu anajua bei ya jasho la mwenzake. Konda na suka wanaotoka Buhongwa kwenda mjini wanajua hesabu ya tajiri ni ngapi, mafuta yamekula ngapi, na kinachobaki jioni wanagawana pale pale kwenye siti ya mbele. Madogo wa bodaboda wa Mkuyuni ukiwakuta kijiweni ukauliza hesabu ya siku, unapewa bila kona: huyu anapeleka buku saba, yule buku kumi, yule mwingine yuko kwenye mkataba na pikipiki itakuwa yake. Huko ziwani ndio usiseme. Wanaoingia na taa kuvua dagaa giza likishika, mzigo ukiuzwa gharama za mafuta na msosi zinatolewa mbele ya kila mtu, halafu tajiri anachukua fungu lake na mabaharia lao. Akitokea wa kupindisha hesabu, kinawaka siku hiyo hiyo.

Sasa njoo kwa wana walioajiriwa. Kaunta za maduka ya mjini kati, lodge, shule binafsi, viwanda vya minofu ya sangara, ofisi za wakala. Watu wanakaa meza moja miaka mitatu, wanachangiana misiba na harusi, wanajua mpaka majina ya wakwe zao, lakini mshahara wa mwenzako hauujui hata kwa kukisia. Tarehe ya mshahara meseji ya benki ikiingia, kila mtu anageuza simu yake ukutani.

Naelewa kinachotufanya tukaushe, na sio ujinga. Cha kwanza ni mizinga. Ukijulikana unavuta laki sita, kesho asubuhi una shangazi wa Magu mwenye mgonjwa, jirani mwenye kodi, na mshkaji wa zamani aliyepotea tangu form four ambaye ghafla anakumisi. Cha pili ni jicho. Wapo wanaoamini kabisa kwamba hela ikitajwa inaondoka, na imani ya mtu siwezi kuidharau. Cha tatu ndicho kinachonikera: bosi anakukalisha siku ya kwanza, anakuchekea kishkaji, anakwambia, "Mshahara wako ni siri yako, usimwambie mtu, wewe nimekufikiria." Kila aliyekalia kile kiti kaambiwa kafikiriwa.

Mwaka jana nilikaa kwa mama ntilie mmoja pale Igogo na washkaji wawili wa duka moja la vifaa vya ujenzi. Dada na kaka, waliingia kazini mwezi mmoja, kaunta moja. Dada ndiye anayekaa na mashine ya EFD, na stoo ikipungua mzigo ndiye anayeulizwa. Kaka anauza. Tunakula ugali sato, kaka analalamika zake: "Yaani NSSF wamenikata elfu thelathini na tano tena mwezi huu, hela yote hiyo." Dada akaacha kumega. Mtu anayeshinda na namba kutwa nzima hesabu hiyo haimpi shida: mfanyakazi anakatwa asilimia 10, kwa hiyo thelathini na tano ni ya laki tatu na nusu. Yeye alikuwa anakatwa elfu ishirini na nane.

"Kaka, kumbe we unavuta tatu na nusu?"

Jamaa akakausha. Uso ulimshuka, na haikuwa kosa lake. Tofauti ya elfu sabini kila mwezi, kwa mwaka ni laki nane na elfu arobaini. Elfu sabini Mabatini unalipa chumba na umeme juu. Huyu dada alikuwa ameshaanza kuzunguka na mikopo ya kausha damu ili mwezi ufike mwisho, kumbe hela yake ilikuwa inabaki dukani kimya kimya.

Nilichokipenda ni walichofanya baadaye. Walienda kwa bosi wote wawili. Kaka angeweza kula kona, maana yeye ndiye aliyekuwa juu, lakini alienda. Swali la kwanza la bosi lilikuwa, "Nani kakwambia?" Namba yenyewe hakuibishia. Mwezi uliofuata dada alipandishwa mpaka laki tatu na thelathini. Bado haijakaa sawa, ila kutoka ishirini na nane za makato mpaka thelathini na tatu, kuna mtu anapumua.

Huku Usukumani kufichwa namba tunakujua tangu enzi za babu zetu. Miaka ya 1940 mpaka 1950 wakulima wa pamba wa kanda hii walikuwa wanapeleka mzigo kwa wanunuzi, mzani wa mnunuzi, anayesoma ni mnunuzi, mkulima anaambiwa tu uzito. Wakastuka. Wakaanza kuweka watu wao vituoni wa kupima upya mzigo kabla haujauzwa, na Paul Bomani, kijana wa miaka ishirini na kitu wakati ule, akazunguka kuwaunganisha. Mwaka 1955 vyama vyao vikaungana kuwa shirikisho moja la ushirika la Victoria, makao yake hapa hapa Mwanza. Bomani aliishia kuwa Waziri wa Fedha. Yote yalianzia kwenye kudai kuiona namba ambayo upande mmoja ulikuwa unaijua peke yake. Bosi wako leo ana orodha yote ya mishahara mezani. Wewe unaenda kuomba nyongeza ukiwa na namba moja tu, yako.

Na wasituambie kwamba mshahara ukijulikana kazi itaharibika. Mwalimu wa serikali wa Butimba na mwenzake wa Mahina wanajuana ngazi. Tangazo la kazi la Sekretarieti ya Ajira linataja ngazi ya mshahara waziwazi, TGS D au nyingine, hata kabla hujatuma barua. Wanafundisha na wanaishi. Hata Magufuli, jirani yetu wa Chato, alilivunja hili hadharani: Machi 2016 akiwa Chato alisema kuna vigogo wa mashirika ya umma wanavuta mpaka milioni 40 kwa mwezi na atawashusha wasizidi milioni 15. Oktoba 2017 akautaja na wake mwenyewe, milioni 9. Mkuu wa nchi kautaja, sasa wewe wa kaunta unamfichia nani?

Ila wana, kufunguka nako kuna akili yake. Sijasema ukatangaze kitaa kizima au kwenye grupu la ukoo. Naongelea mtu wa kazi yako, zamu yako, cheo chako. Na usilinganishe meseji ya benki, maana inadanganya. Chukua washkaji wawili waliomaliza chuo cha SAUT pamoja, wote mkataba unasema 450,000. Wa kwanza anakatwa NSSF 45,000, inabaki 405,000. Kodi inaanza kuhesabiwa juu ya 270,000, kwa hiyo kwenye ile 135,000 iliyozidi anakatwa asilimia 8, ambayo ni 10,800. Mkononi anapata 394,200. Wa pili alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, anakatwa asilimia 15 ya mshahara, 67,500 nyingine. Yeye anaondoka na 326,700. Wakioneshana meseji wanaweza kununiana bure, kumbe mshahara ni ule ule. Leteni slipu. Angalieni mshahara kabla ya makato, posho, nauli, na saa za ziada zinalipwaje. Kama huna slipu, hilo nalo ni tatizo: kifungu cha 27 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, namba 6 ya 2004, kinamtaka mwajiri akupe maandishi yanayoonesha malipo na makato yako.

Halafu nani aanze? Kawaida tunategemea aliyeko chini aulize, naye anaona aibu, anaogopa kuonekana ana roho mbaya. Mimi nasema aanze aliyeko juu. Kama unajua umepewa zaidi ya mwenzako kwa kazi ile ile, mchane. Hupungukiwi hata jero, na siku bosi akiajiri mwingine kwa bei ya chini ya mwenzako, kiti kinachofuata kuangaliwa ni chako, wewe wa gharama.

Marekani kuna mama aliitwa Lilly Ledbetter, msimamizi kwenye kiwanda cha matairi cha Goodyear, Alabama. Alipiga kazi miaka 19. Karibu na mwisho wa ajira akaokota kikaratasi kisicho na jina, kimeandikwa mshahara wake na wa wanaume wenzake wa cheo kile kile. Yeye alikuwa kwenye dola 3,727 kwa mwezi, mwanaume wa chini kabisa 4,286. Akaenda mahakamani. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya nchi ile ikamwambia amechelewa, alitakiwa alalamike ndani ya siku 180 tangu maamuzi ya kumpunja yafanyike. Angelalamika vipi na alikuwa hajui? Sheria ilibadilishwa Januari 2009, Obama akaisaini ikiwa na jina lake, lakini yeye hela zile hakuzipata mpaka anafariki mwaka 2024. Kikaratasi kile kingeandikwa miaka kumi nyuma, maisha ya yule mama yangekuwa mengine.

Hapa kwetu saa nayo inatembea, nitafika huko, ila kwanza ujue haki zako. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinakataza ubaguzi kazini, na kinamtaka mwajiri ahakikishe mwanamke na mwanaume wanalipwa sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Kujiunga na chama cha wafanyakazi, TUICO kwa wa viwandani na madukani au CHODAWU kwa wa hotelini, ni haki yako, na kifungu cha 37 kinasema hiyo sio sababu halali ya kukuachisha kazi. Angalizo moja: kama hujatimiza miezi sita kazini, ulinzi wa kuachishwa isivyo halali haujakufikia, kwa hiyo wacha wakongwe watangulie mbele. Cheki pia kima cha chini cha sekta yako, maana tangu Januari 1, 2026 wastani wa sekta binafsi umepanda kutoka 275,060 mpaka 358,322, na kila sekta ina kiwango chake kwenye amri ya mishahara. Kuna watu hapa mjini wanalipwa chini ya kiwango cha sekta yao na hawajui kwa sababu hawajawahi kuuliza wala kuulizwa.

Mshahara ukitoka mwezi huu, kaa na mwenzako wa zamu, wekeni slipu mezani. Kama kuna kasoro nendeni kwa bosi mkiwa wawili au zaidi, na kwa maandishi. Akigoma, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ina ofisi hapa Mwanza. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kufungua mgogoro, na madai mengine yana siku 60.