Vichaka vya Itigi na hesabu ya kaboni ya mikoba ya kifahari

Reli ya Kati inapopita Itigi, mkoani Singida, kuna vichaka ambavyo wataalamu wa mimea duniani wanavitambua kwa jina la mji huo. Vingi havizidi mita 5, hupukutisha majani kiangazi, na vimesongamana hivi kwamba bila panga hupenyi. Ndugu zake wako kaskazini mwa Zambia. Sehemu kubwa imeshafyekwa.

Kujua kichaka kama hicho kimehifadhi kaboni kiasi gani ni kazi ya jasho. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) waliikata mimea, wakachimba mizizi, wakapima uzito, wakaunda milinganyo ya kukadiria mimea mingine bila kuigusa. Kutoka hapo hesabu ni nyepesi: katika kilo 100 za mmea mkavu, takriban 47 ni kaboni, ambayo ikiungua yote hutoa kilo 172 hivi za hewa ukaa.

Hesabu za namna hiyo ndizo zilizobeba ahadi kubwa za mitindo ya kifahari. Septemba 2019, Gucci ya Italia ilitangaza kwamba shughuli zake, pamoja na za wasambazaji wake, hazina tena mzigo wa kaboni. Katika biashara hii duka na ofisi huchangia kidogo mno. PUMA, ilipokuwa kundi moja na Gucci (PPR, leo Kering), ilikokotoa gharama ya madhara yake kwa mazingira ya mwaka 2010 ikakuta shughuli zake yenyewe ni 6% tu. Yaliyobaki yalikuwa kwa wasambazaji, hasa kwenye malighafi: malisho ya ng'ombe wa ngozi, mashamba ya pamba.

Gesi ambayo Gucci haikuipunguza iliifidia kwa hati za kaboni za misitu, ukiwamo mradi wa Kariba, Zimbabwe. Hapo mizani ya mtafiti haifiki. Hati hizo huhesabu miti ambayo ingekatwa kama mradi usingekuwapo, na miti hiyo hakuna awezaye kuipima. Mwaka 2023 makadirio ya Kariba yalikosolewa kwamba yamekuzwa mno. Gucci iliondoa tangazo lake, na Oktoba kampuni ya South Pole, iliyouza hati hizo, ikajitoa kwenye mradi huo.

Sisemi fedha za kulinda nyika ni haramu. Mradi wa Kasigau, Taita Taveta nchini Kenya, ulitangulia duniani mwaka 2011 kupata hati za aina hiyo chini ya VCS, kiwango cha kuthibitisha hati za kaboni, na PPR ilinunua hisa 5% za Wildlife Works Carbon, waendeshaji wake. Lakini naiheshimu zaidi ahadi ya Kering ya Machi 2023: kupunguza gesijoto zake zote kwa 40% ifikapo 2035. Hiyo hukaguliwa kiwandani na malishoni.

Tanzania ilitunga kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022. Mnunuzi akifika Itigi, wanakijiji wamuulize kasi ya ufyekaji aliyoikadiria ameitoa wapi, kisha wamuulize kampuni yake imepunguza nini kwanza.