Karatasi yenye muhuri ina nguvu gani

Sokoni Nyangezi, hapa Kivu Kusini, mtu akionyeshwa karatasi yenye muhuri inayomdai ushuru, jicho hukimbilia kiasi cha pesa. Naomba lianzie juu, kwenye kichwa, maana hapo ndipo panapoonyesha nani ameamuru na kama ana mamlaka hayo.

Nchini Kongo, aina ya andiko humtaja aliyelitoa. Kwa Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, Bunge hutunga sheria, Rais hutoa ordonansi, Waziri Mkuu hutoa dekre, na waziri hutoa arete. Jimboni, bunge la jimbo hupitisha edi, naye gavana ana arete zake. Arete haiwezi kufuta dekre, wala dekre haiwezi kubadili sheria. Angalia sana ordonansi-sheria: Rais huisaini kwa idhini ya Bunge, kwa muda uliowekwa, nayo ina nguvu ya sheria. Ukiichanganya na ordonansi ya kawaida, hoja yako yote itaanguka.

Namba na tarehe hazitenganishwi. Sheria ya Madini ni namba 007/2002 ya tarehe 11 Julai 2002, mwaka ukiwa nyuma. Sheria iliyoirekebisha ni namba 18/001 ya tarehe 9 Machi 2018, mwaka ukiwa mbele. Kwa hiyo namba bila tarehe hupoteza watu. Kanuni za utekelezaji wa Sheria ya Madini zimo katika Dekre namba 038/2003, iliyorekebishwa na Dekre namba 18/024 ya tarehe 8 Juni 2018. Anayetaja ya kwanza peke yake anakusomea maneno ambayo huenda yameshabadilishwa.

Chini ya kichwa huja mistari inayoanza na neno la Kifaransa “Vu”: orodha ya maandiko ambayo mtoa amri anayategemea, kuanzia Katiba na kushuka. Hapo ndipo ninapowasihi wasomaji wakae. Kwa ushuru wa jimbo au wa sheferi, yaani eneo la chifu wa jadi, kama Ngweshe, tafuta Ordonansi-Sheria namba 18/004 ya tarehe 13 Machi 2018, inayoorodhesha kodi na tozo za majimbo na za tawala zilizogatuliwa. Tozo isiyomo humo haina mzizi, hata muhuri uwe mwekundu namna gani. Na kwa asiyesoma Kifaransa, Katiba, kifungu cha 142, inaitaka Serikali isambaze kila sheria kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwemo, ndani ya siku 60 tangu kutiwa saini. Mkulima ana haki ya kudai hilo kwa sauti.

Linaloniuma zaidi ni ardhi. Sheria namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya Dola. Kwa ardhi za konsesyo, zile ambazo Dola humkabidhi mtu kwa mkataba, utekelezaji ulikuja upesi: Ordonansi namba 74-148 ya tarehe 2 Julai 1974. Lakini kwa mashamba ya wanavijiji, kifungu cha 389 kiliahidi ordonansi ya Rais, nayo haikutolewa kwa zaidi ya miaka 40. Huku Bushi, nchi ya Washi, shamba la kalinzi, yaani la haki ya kimila, hutoka kwa mwami, chifu wa jadi, na kurithiwa kizazi hadi kizazi. Mwenye cheti cha usajili alipomshtaki mwenye kalinzi, mmoja alikuwa na namba na tarehe za kutaja mbele ya hakimu. Mwenzake alikuwa na ahadi ya kifungu kimoja, na majirani waliojua mipaka ya shamba lake.