Chuma chakavu chafungua njia ya theluji

Miezi ya kaskazi, sisi huku pwani tukitoa mikeka barazani kutafuta upepo, wako wenzetu duniani ambao huamka alfajiri wakakuta mlango haufunguki. Si kwamba mwizi ameukomea kwa nje, wala si kwamba bawaba zimeshika kutu. Ni theluji iliyoanguka usiku kucha, ikajaa mlangoni, ikalifunika gari na kuifuta njia yote mpaka barabara kuu.

Msomaji asiyepata kuiona huenda akadhani kwamba theluji ni kitu chepesi kama pamba. Chembe moja ni nyepesi kweli, lakini hebu tupige hesabu. Chukua njia ya kutoka nyumbani hadi barabarani yenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 4. Theluji ikilala hapo kimo cha sentimita 30 tu, ni mita 24 za ujazo. Ile iliyoanguka karibuni, bado kavu, aghalabu huwa na uzito wa kilo 100 hivi kwa kila mita ya ujazo. Kwa hiyo mwenye nyumba anayo kazi ya kuondoa kilo 2,400, sawa na magunia 48 ya saruji, kabla hajaenda kazini. Ikiwa imelowa maji, uzito huo waweza kufika mara tatu yake.

Mwenye beleshi atafanya nini hapo? Atachota, atatupa, atapumzika, atachota tena. Kila mwaka madaktari wa Marekani na Kanada huwaonya wazee na wenye maradhi ya moyo wasiishike kazi hiyo, maana baridi huibana mishipa ya damu wakati uleule moyo unapotakiwa kwenda mbio. Wako wanaoanguka papo hapo, beleshi mkononi.

NJIA IKIFUNGWA

Wala si jambo la usumbufu tu. Mji wa Buffalo, katika jimbo la New York, uko ukingoni mwa Ziwa Erie. Upepo wa baridi kali ukivuka ziwa hilo kabla halijaganda, hubeba unyevu na kuumwaga nchi kavu kwa sura ya theluji. Novemba 2022, kitongoji cha Orchard Park kilicho karibu na hapo kilipata theluji ya kiasi cha mita 2 kwa siku chache. Mwezi uliofuata, wakati wa Krismasi, dhoruba nyingine ikaua watu zaidi ya 40 katika eneo hilo. Wengine walikwama magarini mwao, wengine waliugua majumbani na gari la wagonjwa lisiweze kuwafikia. Ndipo mtu anapofahamu kwamba njia iliyo wazi ni uhai.

Kwa barabara kubwa, serikali za miji zina mitambo yake. Inasemekana kwamba mji wa Milwaukee ulitumia plau la theluji la kuvutwa na farasi tangu 1862. Huko Vermont, zamani watu hawakuiondoa theluji bali waliishindilia kwa magogo makubwa ya kuvingirisha, ili magari ya kuteleza ya farasi yapite juu yake. Mwaka 1925, Arthur Sicard wa Quebec, Kanada, alibuni mtambo wa kuinyonya theluji na kuirusha kando. Wa kwanza aliuuza 1927. Lakini mitambo hiyo haiingii uani kwa mtu. Kuanzia barabarani mpaka mlangoni, kila mwenye nyumba na lwake.

PLAU LISILOLIMA

Madukani yamo maplau ya kufungwa mbele ya pikapu. Jina ni plau, lakini halilimi. Husukuma tu, mfano wa bamba la greda. Taabu yake ni bei. Jipya hugharimu dola elfu kadhaa, na mara nyingi hiyo ni zaidi ya thamani ya pikapu yenyewe iliyokwisha kuchoka. Wahenga walisema dau la mnyonge haliendi joshi. Basi mnyonge wa huko naye huingia kwenye marundo ya vyuma chakavu, kama fundi wetu anavyochukua ekseli ya gari bovu akaunda mkokoteni wa hamali.

Kitu cha kwanza ni bamba lenyewe. Wengi hukata ubavu wa tangi kuukuu la mafuta ya kupashia nyumba joto, kwa kuwa chuma chake tayari kimepinda. Wengine hupasua kwa urefu bomba kubwa la plastiki ngumu, lile la kupitishia maji chini ya barabara. Mpindo huo una kazi yake: theluji hupanda, ikajikunja na kujiviringisha mbele. Bamba likiwa bapa kama mlango, theluji hurundikana na kumwagikia juu ya gari.

Upana nao una hesabu. Bamba hukaa kwa mshazari ili limwage theluji upande mmoja. Lenye upana wa mita 2.3 likigeuzwa nyuzi 30, hubaki kama mita 2 tu, kiasi cha kutosha kuyasafishia magurudumu njia yake. Fundi akilifanya fupi, gari litakanyaga theluji ileile linayoisukuma. Mgongoni huchomelewa mbavu za chuma lisije likapinda. Chini hufungwa makali ya chuma kigumu, au ukanda mnene wa mpira, kwa bolti na nati na si kwa kuchomelea, kwa sababu makali huisha na lazima yabadilishwe.

Sasa bamba lishikwe na nini? Hapa ndipo wasiojua wanapoharibikiwa. Hulifunga kwenye bampa, na siku ya kwanza tu bampa hung'oka. Nguvu yote ya kusukuma sharti ipokewe na chesisi, kwa mihimili miwili ya chuma iliyokutana mbele na kuachana nyuma, ikashikwa chini, karibu na usawa wa ekseli. Mbele ya mihimili huwapo matundu na pini za kubadilishia mshazari, kushoto au kulia.

Kuliinua, wengi hutumia winchi ndogo ya umeme inayokula betri ya gari, pamoja na mnyororo. Kulishusha hakuna kazi, uzito wake wautosha.

Tena yasisahauliwe masipringi. Chini ya theluji hufichika mawe, visiki na kingo za barabara. Bamba lililokazwa bila springi likigonga jiwe, chuma hupasuka au dereva akajigonga usukani. Lenye springi huinama mbele, likapita, kisha likarudi mahali pake.

HATARI ZAKE

Chuma kizito mbele ya gari huinyanyua nyuma, na magurudumu ya nyuma hupoteza mshiko. Dawa ni magunia ya mchanga nyuma kabisa ya pikapu, yamefungwa barabara yasije yakamrukia dereva. Bamba lisiinuliwe likaziba taa, wala lisizuie upepo wa rejeta kwa mwendo mrefu, maana injini huweza kuchemka hata katikati ya barafu. Mwendo uwe wa polepole, kama kilomita 15 kwa saa. Na asiingie mtu chini ya bamba lililoning'inizwa na winchi. Mnyororo hauna huruma.

Kabla ya kupiga injini moto, ekzosi ifukuliwe kwanza. Iliyozibwa na theluji hurudisha moshi ndani ya gari, na moshi huo huua bila ya kumwamsha mtu.

Wajuzi hawangoji theluji ikome. Hutoka ikifika sentimita 10 au 15, wakatoka tena baadaye. Theluji ya mwanzo wa msimu huisukuma mbali sana, kwa kuwa marundo huganda yakawa kama ukuta wa mawe, na ya mwezi ujao yatakosa pa kuwekwa. Kuisukumia barabarani ni kosa la sheria mahali pengi, na kuifukia bomba la zimamoto ni kuutafutia mtaa mzima msiba.

JIRANI KWANZA

Katika miji kama Lewiston na Portland, jimbo la Maine, Kiswahili husikika siku hizi. Wako waliotoka Kongo, Burundi, Somalia na Kenya, watu ambao hawakuwahi kuijua theluji ila kwa picha. Huko hujifunza desturi moja isiyofundishwa darasani: mwenye pikapu na plau akimaliza kwake, hupitia na kwa kizee wa jirani asiye na mtu. Wengine hufanya kazi hiyo kwa ujira, nyumba hadi nyumba, wakairudisha gharama ya vyuma. Lakini kwa kizee aghalabu hawadai kitu.

Kwetu Waislamu jambo hilo si geni. Tumefunzwa tangu chuoni kwamba kuondoa njiani kinachowaudhi watu ni sadaka. Sisi twalifahamu kwa mwiba na jiwe. Wenzetu wanalifahamu kwa tani za theluji.

Theluji ikiyeyuka, plau hufunguliwa, hupakwa mafuta lisishike kutu, likawekwa juu ya magogo nyuma ya nyumba. Majani huota, likafichika, na mgeni akipita hudhani ni takataka. Mwenyewe anajua lilipo.